Mhariri, kile kichwa cha habari cha ARV na figo kimetuletea balaa mtaani

Ndugu Mhariri,

Ningeanza na shikamoo ila kwa umri wangu nadhani mimi ndo wa kuitikia marahaba. Ni mstaafu, nimefanya kazi maabara huku Tanga zaidi ya miaka thelathini, kazi yenyewe damu, mkojo, makohozi na choo cha watu, kwa hiyo siandiki kama daktari na mtu asiniite dokta. Naandika kwa sababu lile gazeti lenu la wiki mbili zilizopita, lenye kichwa cha habari kwa maandishi makubwa kwamba ARV zinamaliza figo za watu, limenifikia nyumbani likiwa limefungia maandazi, na kabla sijamaliza kulisoma jirani yangu alishafika mlangoni.

Huyu mama ni mpika chakula, mtu wa kuamka saa kumi usiku, mcheshi, hana makuu. Siku hiyo hakucheka. Akakaa kwenye ngazi akatoa kopo lake la vidonge kwenye pindo la kitenge akaniuliza, "Babu, eti ni kweli hizi ndo zinatuua figo?" Nikamwambia kweli nini tena mwanangu, akanionyesha simu, kuna mtu kapiga picha kichwa chenu cha habari akakitupia kwenye grupu la kikoba, habari yenyewe haipo, kichwa tu. Alafu akasema taratibu kama anayekiri kosa kwamba jana na juzi hajameza. Mtu ambaye alamu ya simu yake ya saa tatu usiku naisikia mpaka chumbani kwangu.

Sasa nisikuonee Mhariri. Ndani kabisa, aya za mwisho mwisho huko, mwandishi wenu kaandika vizuri tu kwamba tenofovir, ambayo ni moja ya hizo ARV, inaweza kusumbua mirija ya figo kwa baadhi ya watu na ndo maana inabidi kupima. Hilo ni kweli, nimeona majibu ya namna hiyo kwa macho yangu, na wapo waliobadilishiwa dawa wakawa sawa. Ila kichwa cha habari kimefanya kama vile figo za watu wenye VVU zilikuwa salama salimini mpaka vidonge vilipokuja, na hapo ndo nimeshindwa kunyamaza.

Hebu tuhesabu miaka. Ripoti za mwanzo za ugonjwa wa figo unaoletwa na VVU, ambao wataalamu wanauita HIVAN, zilitoka Marekani mwaka 1984, madaktari wa Brooklyn kule New York na wenzao wa Miami waliona wagonjwa wa UKIMWI wanavujisha protini nyingi kwenye mkojo alafu figo zinakufa ndani ya miezi tu. Kidonge cha kwanza cha kupambana na kirusi, AZT, kiliruhusiwa huko huko Marekani mwaka 1987. Miaka mitatu baadaye! Sasa hao wa 1984 figo zao ziliuawa na ARV ipi?

Na sihitaji kwenda Brooklyn. Mimi mwenyewe kabla ya mwaka 2004, yani kabla serikali haijaanza kugawa ARV bure, nililetewa mkojo wa kijana mmoja, kikopo cha plastiki, juu limejaa povu kama la sabuni ya kufulia, unaliacha dakika tano bado lipo. Kile kijiti cha kupimia mkojo kina vibox vya rangi, cha protini kinaanza njano na kama protini ipo kinakwenda kijani, unatakiwa uhesabu sekunde sitini ndo usome. Cha yule kijana sikufika ishirini, kilishakuwa kijani cha kuiva kinaelekea bluu. Miguu yake ilikuwa imevimba ukibonyeza kidole shimo linabaki. Presha yenyewe haikuwa juu, sukari hana, na ARV alikuwa hajawahi hata kuziona. Tukamzika kabla ya mwaka kuisha.

Kwa hiyo mwuaji mwingine yupo, na huyo ndo nataka watu wa grupu la kikoba wamjue, maana habari yake tamu hata kama inatisha.

Kwa muda mrefu watu walidhani kirusi kinaishi kwenye chembe nyeupe za damu tu na figo inaumia kwa bahati mbaya, sijui kwa homa, sijui kwa uchafu wa damu. Alafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa taasisi za afya za Marekani, NIH, wakatengeneza panya ambao wamewekewa jeni za VVU, yani yale maagizo yake ya kurithi, ila zimekatwa vipande viwili muhimu, gag na pol, kwa hiyo kirusi hakiwezi kuzaliana hata kidogo. Panya hao hawana kirusi kinachozunguka kwenye damu wala hawamezi vidonge, wana zile jeni tu ndani ya seli zao. Figo zikaharibika vilevile kama za binadamu. Mwaka 1997 wakafanya jambo ambalo mimi nikilisimulia huwa nasimama: wakahamisha figo. Figo ya panya mwenye jeni za kirusi wakaipandikiza kwa panya asiye nazo, ikaugua hukohuko ugenini. Figo isiyo na jeni hizo wakaiweka kwa panya mwenye nazo, haikuugua. Maana yake ubaya haumo kwenye damu inayopita, umo ndani ya figo yenyewe, kwenye seli ambazo jeni za kirusi zimewaka. Mwaka 2000 akina Leslie Bruggeman na Paul Klotman kule New York wakaonyesha kirusi kimo ndani ya seli za figo za wagonjwa binadamu pia.

Sasa swali, jeni hizo huwaka kwa amri ya nani? Hapa ndo pananifurahisha na kuniudhi kwa pamoja.

Mwili ukiumia seli zinaitana. Zinatumiana vijumbe vya protini ambavyo kitaalamu vinaitwa vichocheo vya ukuaji, kimoja jina lake FGF-2, kingine EGF, kingine VEGF, kingine TGF-beta, na kadhalika. Ukijikata na kisu jikoni alafu baada ya siku kadhaa kidonda kikafunga, hao ndo walikuwa kazini usiku na mchana. Kwenye figo wana kazi nyingi maana figo haipumziki, zinachuja maji kama lita 180 kwa siku na karibu yote kuyarudisha mwilini, mkojo tunaokojoa ni makombo tu. FGF-2 kwa mfano inakaa imejishikiza kwenye nyuzi za sukari zilizozunguka seli, imewekwa akiba kama mchele kwenye debe, pakiumia inaachiwa. Inatua kwenye mlango wa nje wa seli, yenyewe si lazima iingie, ujumbe unapokezanwa ndani protini kwa protini kama watu wanavyopitishiana ndoo za maji nyumba ikiungua, mpaka kwenye kiini zilipo jeni. Huko kuna protini nyingine kazi yao kuwasha jeni, zina majina kama namba za magari, AP-1, Sp1, NF-kappa B, zinakaa kwenye kichwa cha jeni na kuiambia amka, jenga, ziba pale palipobomoka.

Kirusi cha UKIMWI nacho kikishaingia kwenye seli kinachomeka jeni zake katikati ya zetu, na mbele yake kimeweka swichi inaitwa LTR. Swichi hiyo haina ufunguo wake wa pekee. Ina viti vilevile ambavyo protini zetu hukalia, vya Sp1, vya NF-kappa B, vyote vipo. Ukimwaga mtama uani ukaita kuku wako, wa jirani hasubiri kualikwa, ndo hivyo. Figo inaita msaada ijitibu, kirusi kinasikia kengele hiyohiyo na kinaamka.

Na kikiamka hakikai bure. Jeni yake moja, nef, inazivuruga seli za chujio zinazoitwa podosaiti, hizi ni seli zilizokomaa ambazo kazi yake ni kukumbatia mishipa midogo ili protini isipite, sasa nef inazifanya zianze kujigawa kama seli changa, zinaachia, protini inamwagika, ndo lile povu. Nyingine, vpr, inachezea seli za mirija zinakwama katikati ya kujigawa zinavimba. Na kuna Tat, protini nyingine ya kirusi, huyu ndo simpendi kabisa, anatoka nje ya seli na kugombania zile nyuzi za sukari ilipojishikiza FGF-2, akikaa yeye FGF-2 inaachiwa, inakwenda kugonga milango zaidi, swichi zinawaka zaidi, Tat anazidi kutengenezwa. Wazee mnaokumbuka madoa ya saratani ya Kaposi ya miaka ile, yale meusi-zambarau, huko nako Tat na FGF-2 ndo waligundulika wakishirikiana.

Dokta Patricio Ray na wenzake ndo wamelifuatilia hili kwenye figo kwa miaka mingi, kwanza kwenye wale panya, utafiti wao wa mwaka 1994 ulionyesha FGF-2 imejazana kwenye figo zinazoumwa, alafu kwa watoto wenye VVU kwenye hospitali ya watoto kule Washington. Kwenye mkojo wa watoto ambao figo zao zimeathirika FGF-2 ilikuwa juu na EGF iko chini. TGF-beta yeye ni ndumilakuwili, analeta makovu kwenye figo hilo halina ubishi, ila kwa kirusi kuna seli anazokichochea na kuna seli anazokibana. Sehemu kubwa ya haya imeonekana kwenye panya na kwenye seli zilizooteshwa maabara, kwa hiyo wanaandika "huenda", na mimi kama mtu wa maabara naheshimu sana hilo neno, ni neno ambalo vichwa vya habari huwa vinaliogopa.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka hapa alafu akaniuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa field hawakuwahi kuniuliza: "Kwa hiyo vidonge vyangu vinazima hiyo swichi?"

Havizimi. Lazima tuwe wakweli. ARV zinazuia kirusi kisinakili jeni zake kuwa DNA, zinakizuia kisizichomeke kwenye zetu, nyingine zinakizuia kisikomae. Seli ambayo imeshachomekewa zamani, swichi yake bado ipo palepale. Mwaka 2014 Wafaransa walichapisha utafiti wa watu wenye VVU waliopandikizwa figo, wanameza dawa vizuri, kwenye damu kirusi hakionekani kabisa, wamefubaza kama tunavyosema CTC, yani kliniki ya dawa za VVU, na bado walipokata kipande kidogo cha nyama kwenye zile figo mpya wakakipima, zaidi ya nusu yao walikutwa kirusi kimeshaingia. Figo iliyotoka kwa mtu asiye na VVU!

"Sasa nimeze za nini babu?" Haki yake kuuliza. Nikamwambia mwanangu, seli zilizochomekewa ni chache kama kirusi hakizunguki. Ukiacha vidonge kinarudi kwenye damu, kinaingia seli mpya za figo, mwili unapandisha moto wa kupambana, figo inaumia, vijumbe vinamwagwa, swichi zinawaka, na sasa swichi zenyewe ni nyingi kuliko mwanzo. Na hili la kuacha lilishapimwa kwa watu, siyo panya. Utafiti unaitwa SMART, ulihusisha watu zaidi ya 5,000 kwenye nchi 33, majibu yalitoka mwaka 2006, wengine waliendelea na dawa mfululizo na wengine walikuwa wanasimamisha kwa makusudi CD4, yani chembe za kinga, zikiwa nzuri wakidhani wanaupumzisha mwili na kuepuka sumu ya dawa. Ikabidi usitishwe mapema, maana waliosimamisha walikufa zaidi na waliumwa zaidi moyo, ini na figo. Figo, Mhariri! Waliopumzisha dawa ndo walioumia figo zaidi. Hiyo ingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza.

Tena siyo kila mwenye VVU anapata HIVAN na sababu moja ni ya ajabu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kuna aina mbili za jeni inaitwa APOL1 ambazo watu wenye asili ya Afrika tunaweza kuzirithi, mababu waliokuwa nazo walipata kinga dhidi ya vimelea vya malale, vile vinavyoletwa na mbung'o, ila ukirithi mojawapo kwa baba na mojawapo kwa mama figo yako inakuwa dhaifu mbele ya VVU. Zimejaa zaidi Afrika Magharibi, kwa Waethiopia karibu hazipo, sisi huku tuko katikati. Afrika Kusini mwaka 2015 walikuta mwenye VVU aliyezirithi pande zote mbili uwezekano wa HIVAN kwake ni mara 89 ukilinganisha na asiye nazo. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuambukizwa mwaka mmoja, wakala chakula kimoja, mmoja akavimba miguu na mwingine akazeeka na wajukuu. Siyo uchawi na siyo kwamba mmoja kamuudhi mtu.

Kuna dawa ya bei ndogo inayotuliza hili varangati la vijumbe na watu wengi wanayo nyumbani bila kujua, ni zile za presha za kundi la enalapril na captopril. Zinapunguza angiotensini, ambayo ndo inamchochea TGF-beta kwenye figo, na protini inayovuja inapungua. Tafiti ndogo ndogo za Marekani miaka ya 1990 zilionyesha wagonjwa wa HIVAN waliopewa hizo figo zao zilidumu zaidi kuliko waliokosa. Sasa tafadhali asiende mtu duka la dawa kuzinunua kichwa kichwa kwa sababu kuna mzee wa Tanga kaandika gazetini, mjamzito ni marufuku kabisa, na zinaweza kupandisha potasiamu, daktari ndo anaamua.

Kitu kingine ambacho mwandishi wenu angekigusa kingeokoa watu wengi wasiwasi: dolutegravir, ile "D" kwenye kidonge cha ARV cha TLD, inaweza kupandisha kreatinini, ile taka ya damu tunayoipima kujua figo zinachujaje, kidogo kwenye majibu ya damu bila figo kuumia, kwa sababu inabana njia moja ambayo mirija ya figo huitumia kuitoa kreatinini, uchujaji wenyewe unaendelea kama kawaida. Tulipohamia TLD watu walipagawa na majibu yao mpaka maabara tukaonekana hatujui kazi. Kreatinini ikipanda kidogo wiki za mwanzo na kutulia ni jambo moja, ikiendelea kupanda kila ukipima ni jambo lingine, na protini kwenye mkojo ni jambo la tatu ambalo wala halihitaji kukutoboa sindano.

Na hapo ndo nina ugomvi wangu mwenyewe, siyo na nyie. Nilimsindikiza jirani kituo anachochukulia dawa, sitakitaja, nikaomba apimwe mkojo kwa kile kijiti. Nikaambiwa vimeisha, tangu lini, tangu mwezi juzi. Kipo cha mimba, cha malaria kipo, wingi wa virusi sampuli zinasafirishwa mpaka mji mwingine kwa gari na majibu yanakuja kwenye simu, lakini kijiti cha kuchovya kwenye mkojo na kuhesabu sitini hakuna. Muuguzi wa watu kaniangalia kwa huruma akasema, "Baba unajua mwenyewe hizi kazi." Najua. Nilikuwa nasaini mimi zile fomu za kuagiza vifaa, na najua vijiti vya mkojo ndo vilikuwa vya kwanza kukatwa kwenye oda kwa sababu vinaonekana vya kizamani.

Tukanunua duka la vifaa vya hospitali, nikamwambia kesho yake aniletee mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kaleta kwenye chupa ya pilipili iliyooshwa, nikamrudisha akalete kwenye kikopo kisafi cha maabara. Nikachovya, nikakilaza, nikahesabu kwa sauti na yeye anahesabu na mimi kama watoto wa chekechea. Tulipofika sitini kile kibox kilikuwa njano vilevile. Usiku wake saa tatu alamu ililia, nikaisikia.

Naomba tu Mhariri kama mtaandika tena juu ya hili muiweke ukurasa uleule wa ile ya kwanza, na kichwa cha habari mkifanye kirefu kidogo kibebe na neno la figo na neno la kirusi, maana kwenye lile grupu wanapiga picha kichwa tu.

Wenu,
Mstaafu wa maabara,
Tanga